Nani Atanisemea?

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Jina, nikajaza. Nchi ya kuzaliwa, nikajaza. Ukurasa wa nne nikakwama: taja walimu wawili wa chuo wanaokufahamu vizuri na watakaokuandikia barua ya mapendekezo. Nilikuwa naomba kusoma shahada ya sheria kwa masafa, nikiwa hapa hapa Kakuma, na zilibaki wiki tatu fomu zifungwe.

Sasa niwaulize majirani zangu: hapa kambini nani anatufahamu vizuri? Mwenyekiti wa bloku anakufahamu. Mama mnayepanga naye madumu bombani anakufahamu sana tu. Lakini fomu haiwataki hao. Diploma yangu niliisoma kwa intaneti miaka miwili, na walimu walikuwa nchi za mbali. Mmoja sikuwahi kuona hata sura yake. Mwezeshaji aliyetusimamia hapa ana kwa ana, mkataba wake uliisha akaenda zake. Nikamwandikia, barua pepe ikarudi: anwani haipo tena. Shule yangu ya sekondari iko Uvira, na prefe wetu naye alikimbia kama sisi.

Uchungu mwingine ni huu. Miaka minne nimekuwa mkalimani kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Mtu analia kwa Kifuliiru, mimi namsemea kwa Kiingereza. Nimesemea watu wengi, halafu siku yangu ilipofika, ati nani atanisemea mimi?

Hasira ikanipeleka kwenye historia, nijue hii barua ilitoka wapi. Nikakuta tatizo letu ni la zamani.

Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1836. Wakati huo, hata uwe na akili namna gani, hukuruhusiwa kufanya mtihani wa shahada mpaka ulete cheti kuwa umesoma kwenye chuo kinachotambuliwa. Yaani lazima kuwe na wa kukusemea. Mwaka 1858 hati mpya ikaondoa sharti hilo, isipokuwa kwa wanaosomea udaktari. Toka hapo ukijisomea mwenyewe, ukalipa ada na ukafaulu mitihani, shahada ni yako. Mwaka 1865 mitihani ya chuo hicho ikafanyika nje ya Uingereza, kisiwani Mauritius, kwenye hii bahari yetu ya Hindi. Karatasi ya majibu ndiyo ikawa shahidi wa mwanafunzi.

Shahidi huyo alifika mpaka kambini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mateka wa Kiingereza waliokuwa kwenye kambi za Ujerumani walisoma na kufanya mitihani nyuma ya waya. Msalaba Mwekundu ndio waliopeleka vitabu na karatasi za mitihani, na majibu yakarudishwa Uingereza kusahihishwa. Sheria ilikuwa kati ya masomo waliyofanya.

Halafu kuna Mzee Mandela. Alianza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, akaondoka bila kuipata. Akiwa mfungwa akajiandikisha London kwa masafa. Kwenye kisiwa cha Robben aliwahi kunyimwa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Shahada yenyewe ilikuja mwaka 1989, kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, ambacho husomesha kwa masafa. Alikuwa bado kifungoni. Niliposoma hayo nikajiambia, wewe na wiki zako tatu nyamaza kidogo.

Hata hivyo sitaki kusema barua hizi ni upuuzi. Wakili hushika pesa za watu na siri zao, kwa hiyo chuo kina haki ya kuuliza wewe ni mtu gani. Mtihani hauwezi kujibu swali hilo. Ila swali lenyewe liulizwe kwa namna ambayo mtu aliyekimbia anaweza kulijibu. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unazitaka serikali zilizousaini zitutendee vizuri kadiri inavyowezekana katika elimu ya juu, na unataja wazi utambuzi wa vyeti vya nje. Waliouandika walijua mtu hakimbii na kabati la makaratasi.

Basi nilifanya hivi. Kwanza nilimwandikia yule mwalimu nisiyemjua sura. Sikumwomba anisifu. Nilimtumia insha zangu tatu zenye maksi na maoni yake mwenyewe, matokeo yangu yote, na aya moja ya kueleza kwa nini nataka sheria. Siku nne kimya. Ya tano akajibu: uso wako siujui, lakini namna unavyojenga hoja naijua, nitaandika hilo. Pili, niliuliza ofisi ya udahili kama msimamizi wa kazi anaweza kushika nafasi ya mwalimu wa pili. Wakakubali. Kumbe ni kuuliza tu! Wakili ninayemfanyia ukalimani akaandika barua siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndugu unayesoma: usifute kazi zako zilizosahihishwa. Omba barua mapema, mwalimu angali anakukumbuka. Na kama fomu haikutoshi, iulize ofisi yenyewe kabla ya kukata tamaa.

Na nyinyi wa mashirika, nawaomba jambo moja dogo. Kabla mkataba haujaisha, kaa chini uwaandikie wanafunzi wako barua, utie sahihi na tarehe, uwaachie. Wewe ukipanda ndege ya kurudi kwenu, unaondoka na ushahidi wetu wa miaka miwili kichwani mwako.

Jibu la chuo bado sijapata. Lakini jioni nasaidia darasa la vijana wanaoanza diploma, na nina daftari. Kila mwanafunzi ana ukurasa wake: aliuliza nini, alikosea wapi, alirekebisha vipi. Siku akiniomba barua, nitakuwa na la kusema.