Nafuu ya Kodi kwa Gharama za Shule: Mfano wa Minnesota

Muhula unapofunguliwa, mzazi huhesabu fedha zake mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya karo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita ada, na mara ya pili kwa ajili ya vitabu, sare na nauli. Mzazi huyo, ikiwa ana mshahara, ameshakatwa kodi. Ndipo lizukapo swali ambalo walimu tumelisikia mara nyingi: je, serikali haiwezi kumpunguzia kodi yule anayesomesha? Swali hili lina historia ndefu huko Marekani, na jimbo la Minnesota limetuachia mfano ulio wazi.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba Marekani mtu hutozwa kodi ya mapato na serikali kuu, na majimbo mengi nayo hutoza kodi yao wenyewe. Mwaka 1955 Minnesota ilitunga sheria iliyomruhusu mzazi, akadiriapo mapato yake kwa kodi ya jimbo, aondoe kwanza alicholipa kwa karo, vitabu na usafiri wa wanawe. Baada ya sheria hiyo kurekebishwa katika miaka ya 1970, kiasi kilichoruhusiwa hakikuzidi dola 500 kwa mtoto wa darasa la sita au chini yake, na dola 700 kwa mtoto wa darasa la saba hadi la kumi na mbili.

Ugomvi ulizuka kuhusu dini. Shule za serikali kwa kawaida hazikutoza karo. Waliolipa karo walikuwa hasa wazazi wa shule za binafsi, na nyingi ya shule hizo zilikuwa za madhehebu. Katiba ya Marekani nayo inaikataza serikali kusimamisha dini yoyote. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya New York iliyowapa nafuu ya kodi wazazi wa shule za binafsi peke yao. Mwaka uliofuata, Minnesota yenyewe iliona mahakama yake ya juu ikifuta nafuu nyingine ya namna hiyo, iliyotungwa mwaka 1971.

Sheria ya 1955 ilisalia, kwa kuwa mlango wake ulikuwa wazi kwa wazazi wote. Hata hivyo ilishtakiwa, na tarehe 29 Juni 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba ni halali. Jaji Rehnquist, aliyeandika hukumu, alishikilia kwamba nafuu hiyo ni ya kila mzazi, na kwamba fedha huifikia shule ya dini kwa uchaguzi wa mzazi, si wa serikali. Jaji Marshall, kwa niaba ya wale wanne, alijibu kwa hesabu. Katika mwaka wa masomo wa 1978–79 Minnesota ilikuwa na wanafunzi wapatao 820,000 katika shule za serikali, lakini kati yao 79 tu ndio waliolipa karo ya kawaida. Wa shule za binafsi walikuwa kama 91,000, na asilimia 95 yao walisoma katika shule za dini. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, bali waliopita walijulikana.

Kulikuwa na mlango mwingine ambao mahakama haikuulizwa habari zake. Tuseme mzazi ameondoa dola 700 katika mapato yake, na kiwango cha kodi ni asilimia 10: ataokoa dola 70. Lakini yule ambaye kipato chake ni kidogo hata hadaiwi kodi, ataokoa nini? Mkono mtupu haulambwi.

Jibu lilikuja mwaka 1997, baada ya mvutano ambamo Gavana Arne Carlson alikataa kuidhinisha muswada wa fedha za elimu. Makubaliano yaliyofikiwa yaliongeza kiasi cha kuondolewa katika mapato hadi dola 1,625 na dola 2,500 kwa ngazi zile mbili. Juu ya hayo, familia za kipato cha chini zilipewa punguzo la kodi yenyewe, na punguzo likizidi kodi, mzazi hulipwa kilichobaki. Punguzo hilo halikuruhusiwa kulipia karo. Lilikuwa la mahitaji kama vitabu na masomo ya ziada.

Walimu wenzangu, tulitazame neno letu nafuu. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona, bali maumivu yamepungua. Wanafunzi wetu wakijadili jambo hili darasani, tuwaulize maumivu ya nani yamepungua, na ni nani angali kitandani. Minnesota ilihitaji miaka 42 kumfikia mzazi asiye na kodi ya kupunguziwa.