Picha yenye namba: deni la Njombe na Makambako kwa wachoraji wao

Zaidi ya miaka 15 imepita tangu sura ya Barack Obama, iliyochorwa kwa wekundu, krimu na buluu huku macho yake yakitazama mbali, ienee duniani. Hapa Tanzania uso wa Obama ulipamba fulana na stika za daladala, na alipokuja Dar es Salaam Julai 2013 barabara ya Ocean ilipewa jina lake. Lakini wengi walioivaa picha ile hawakumjua mchoraji wake, wala hawakujua kwamba ilianza kama toleo dogo la nakala zilizohesabiwa. Historia ya toleo hilo inafaa kusomwa katika mkoa wa Njombe, kwa sababu namba inayoandikwa kwa penseli chini ya picha ni ahadi. Mchoraji anamwambia mnunuzi, "Nimechapa hizi tu, sitaongeza." Kwa ahadi hiyo kijana wa mtaani asiye na jina anaweza kuuza kazi yake kwa bei inayomlisha. Njombe na Makambako zina mbao, zina barabara na zina mafundi wa brashi. Desturi hiyo ndiyo bado hazina.

Mchoraji wa picha ile ya Obama ni Shepard Fairey, aliyezaliwa mwaka 1970 huko Charleston, South Carolina, nchini Marekani. Hakuingia kwenye sanaa kupitia makumbusho. Aliingia kupitia skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana hutelezea barabarani. Akiwa na umri wa shule alikuwa akichora kwenye mbao hizo na kwenye fulana, na mwaka 1989, akisoma chuo cha sanaa huko Rhode Island, alitengeneza stika ya mwanamieleka André the Giant ambayo marafiki zake waliibandika kila kona. Mchezo wa skeitibodi ulimfundisha jambo moja kubwa. Ubao wa skeitibodi ni plaiwudi, kwa kawaida tabaka saba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na kwa miaka mingi picha ya upande wa chini ilichapwa kwa skrini: wavu laini uliowambwa kwenye fremu, wino ukivutwa kwa raba, rangi moja kwa mkupuo. Ubao uliochanika haukuzibwa, ulitupwa, na michoro mipya ikaja msimu baada ya msimu. Ile iliyosalia ikawa adimu, na vijana wakazoea kuithamini picha kwa uchache wake. Wachapaji wa Ulaya walikuwa wakihesabu na kutia sahihi nakala zao tangu karne ya 19. Kizazi cha skeitibodi kiliichukua desturi hiyo ya vyumba vya matajiri kikaishusha hadi bei ya jozi ya viatu.

Januari 2008 Fairey alichapa picha ya Obama katika nakala 700 za mwanzo. Nusu aliziuza kwa dola 45 kila moja, na nusu zilibandikwa mitaani. Fedha za mauzo zilichapa mabango mengine, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamegawiwa mabango laki kadhaa. Januari 2009 Makumbusho ya Taifa ya Picha za Watu huko Washington yalipokea toleo lake la asili. Ndipo ugomvi ukalipuka. Shirika la habari la Associated Press lilisema picha hiyo imetokana na fotografia iliyopigwa mwaka 2006 na Mannie Garcia, aliyekuwa akilifanyia kazi, na likadai malipo. Februari 2009 Fairey alitangulia mahakamani, akitaka itamkwe kwamba alikuwa na haki ya kuitumia. Alidai kwamba chanzo chake kilikuwa fotografia nyingine ya siku hiyohiyo, inayomwonyesha Obama na mwigizaji George Clooney. Garcia naye akajitokeza akidai haki ni yake, si ya shirika. Oktoba mwaka huohuo Fairey alikiri kwamba alikuwa amedanganya. Alifuta mafaili na kutengeneza ushahidi wa uongo ili kuficha fotografia aliyoitumia kweli. Kesi ya madai iliishia kwa mapatano Januari 2011. Ile ya jinai, iliyotokana na udanganyifu huo, ilimalizika Septemba 2012 kwa kifungo cha nje cha miaka miwili, saa 300 za kazi za kijamii na faini ya dola 25,000.

Kuna watakaosema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuwa mfano kwa kijana wa Njombe. Pingamizi hilo lina uzito, na kosa lake halifai kupunguzwa. Lakini kesi yenyewe inafafanua namba inaahidi nini na haiahidi nini. Namba inashuhudia wingi, haishuhudii asili ya mchoro. Fairey alikuwa mkweli kwa walionunua nakala zake na mwongo kuhusu jicho la mpigapicha aliyetangulia. Anayetaka kuuza picha zenye namba lazima awe mkweli pande zote mbili, na kwa upande wa pili sisi tunayo sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Mchoraji wa bango anayenakili uso kutoka kwenye simu bila kuuliza amesimama pale alipokuwa Fairey kabla ya kushtakiwa.

Wengine watasema huu ni ugeni mtupu, kwamba sanaa yetu imeishi kwa kunakiliwa. Watamtaja Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyekwenda kutafuta kazi kwenye mkonge wa Tanga kama walivyokwenda maelfu ya Wabena kutoka Njombe. Alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya vibao, akafa mwaka 1972, na mtindo wake ukaendelea mikononi mwa wafuasi. Ni kweli, kunakili kuliuokoa mtindo. Kulisababisha pia chui mmoja achorwe mara zisizo na idadi, hadi bei ikaanguka na jina la mchoraji likakosa maana kwa mnunuzi. Na si kweli kwamba uchapaji wa nakala chache ni mgeni hapa. Mwaka huohuo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, kwa juhudi za mtawa wa Maryknoll, Jean Pruitt. George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, aliingia pale kama mlinzi, akaishia kuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Alichonga, akapaka rangi, na pia akachora kwenye mabamba ya chuma yaliyoliwa na asidi, kisha yakapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Robino Ntila alijenga jina lake kwenye uchapaji huohuo. Lilanga alifariki mwaka 2005, Nyumba ya Sanaa ikafifia, na ujuzi ule haukupelekwa mikoani. Hiyo ni hasara ambayo taifa limeivumilia kimya mno.

Kwa nini basi mikoani, na kwa nini huku? Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012 ilijitambulisha kwa chai, viazi na misitu, na baadaye parachichi. Atakayeuliza nani atanunua picha Makambako aitazame njia panda yenyewe. Barabara kuu ya Zambia inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini. Wasafiri hawajakosekana. Wanachokosa ni kitu kidogo cha kubeba kinachosema kilitengenezwa hapa, na nani, na kwamba viko hamsini tu. Malighafi nayo ipo, kwani ukanda huu kuanzia Mufindi unaishi kwa paini, na viwanda vya vinia na plaiwudi vimeongezeka. Fremu ya skrini ni vipande vinne vya mbao na wavu, kazi ya asubuhi moja kwa seremala, na wachapaji wa fulana za kampeni tayari wanajua kuvuta wino.

Mtaji nao una pa kutoka: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inawafikia vijana wanaojiunga kwa vikundi. Wachoraji wa mabango ya saluni na maduka, wakisajiliwa kama kikundi chochote, wanastahili kuiomba kwa ajili ya wino, karatasi nzito na daftari moja la kuandika kila nakala imeuzwa kwa nani. Maofisa utamaduni wa Njombe na Makambako ndio wa kuanza kuwatafuta, kwa sababu fundi anayelipwa kwa bango hana siku ya kuacha kibarua aende kubisha ofisini.