Gari la mitumba na maisha yake mawili

Majuma mawili yaliyopita nilitembelewa na jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwamkia, nikamvutia kiti. Akafungua mkoba wake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye orodha ya magari matatu na bei zake.

"Mwanangu," akasema, "kiinua mgongo changu nimekwisha kukigawa. Sehemu moja nimemalizia nyumba, nyingine ni akiba ya matibabu ya mzee. Hii iliyobaki nataka gari dogo la kupeleka mayai na mboga sokoni. Nikikosea sina nyingine. Wewe mtu wa redio unajua mambo. Nichague lipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe siku chache, maana swali hilo mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya. Mwaka 2011 nilikopa katika chama cha akiba na mikopo cha kazini, nikanunua kwa dalali gari dogo jeupe. Rangi inang'aa, viti bado vimevaa nailoni, redio inaimba. Sikupeleka fundi kulitazama, kwa kuwa dalali aliniambia yuko mteja mwingine njiani na fedha mkononi. Wiki ya tatu, nikiwa njiani kwenda msibani, mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatanda nyuma, nasi tukamalizia safari kwa basi. Hedi ya injini ilikuwa imepinda zamani, na aliyeniuzia alikuwa akilijua hilo. Kwa miaka miwili nilikatwa mshahara kulipia gari lililoegeshwa chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi magari haya yalivyotufikia. Jibu lake limo katika historia, na naamini historia hiyo ina manufaa kwa mtu mwenye fedha kidogo kuliko maneno ya dalali.

Katika Afrika Mashariki gari lililotumika halikuwa jambo la aibu hata zamani. Mwaka 1965 mbio za East African Safari zilishindwa na Joginder Singh wa Kenya akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 kuukuu, lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka uliotangulia. Magari mapya ya makampuni makubwa yaliachwa kwenye tope. Lakini tukumbuke jambo moja: Joginder alikuwa fundi magari. Alilijua gari lake lilikotoka na lilichopitia. Hakuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapa Tanzania, katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, kununua gari kulikuwa shughuli nzito. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na uingizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma. Mafuta nayo yalikuwa ya shida hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Peugeot 404, Peugeot 504, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Datsun na Land Rover zilitunzwa kama mboni ya jicho. Gari lilipouzwa, mtaa mzima ulijua lilikuwa la nani: la daktari fulani, la misheni, la mradi wa wafadhili. Mnunuzi alimjua mwenye gari, alimjua dereva wake, na mara nyingi alimjua hata fundi aliyelifungua mara ya mwisho.

Mabadiliko yalikuja na bajeti ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana walizipata wapi. Mwaka 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika Urais, na milango ikazidi kufunguka. Pikapu zikaja kwanza, kisha Hiace zilizogeuka daladala na kupewa jina la vipanya, halafu saluni za Toyota za kila namna, nyingine moja kwa moja kutoka Japani na nyingine kupitia Dubai.

Kwa nini Japani? Sababu ya kwanza ni kwamba Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao. Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na mpaka mwaka 1995 gari lililozidi miaka kumi lilikuwa likikaguliwa kila mwaka. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Mjapani akipiga hesabu, huona afadhali auze gari lake na kununua jipya. Kwa hiyo magari mengi yaliyopakiwa melini kuja Dar es Salaam au Mombasa hayakuuzwa kwa ubovu. Yaliuzwa kwa sababu kuendelea kuwa nayo kule kulikuwa ghali.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Gari la mitumba lina maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya Japani, yenye ukaguzi na karatasi. Maisha ya pili ni ya hapa kwetu, yenye mashimo, foleni, mafuta ya kupima kwa chupa na mafundi wa kila aina, tena mara nyingi bila karatasi yoyote. Mnunuzi wa Dar es Salaam huuliza, "Ni namba D au namba E?" Herufi hiyo humwambia maisha ya pili yalianza lini tu. Haimwambii gari lilitengenezwa mwaka gani. Gari la namba E laweza kuwa na umri mkubwa kuliko la namba C lililoegeshwa pembeni yake.

Mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1970, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wamarekani gari bovu huliita limau. Akerlof alieleza hivi: muuzaji anajua kama gari lake ni limau, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi, akiogopa, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri huona bei hiyo inamnyonya, akaondoka na gari lake. Mwenye limau hufurahi, akabaki. Mwishowe soko hujaa malimau. Basi mimi mwaka 2011 nilipodhani nimepata bei ya bahati, ile bei yenyewe ndiyo iliyokuwa onyo.

Dawa yake ni kuyajua yale anayoyajua muuzaji. Tazama lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti. Magari mengi ya Kijapani yana tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda huo. Ilinganishe na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Linganisha pia namba ya chesisi na ile ya kadi. Nenda asubuhi, na uombe injini isiwashwe kabla hujafika, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, basi aga kwa heshima. Nenda na fundi wako, umlipe wewe, asiwe fundi wa dalali. Hakikisha jina la kwenye kadi ni la huyo anayekuuzia, gari halidaiwi faini za barabarani, na kadi haiko rehani. Chagua gari ambalo fundi wa mtaani kwako analijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Tena usimalize fedha zote kwenye bei. Bakiza za matairi, oili na breki.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na Mwalimu pamoja na fundi wangu. Gari la kwanza liling'aa kama sahani, lakini lebo ya mkanda ilionyesha limemzidi umri aliotaja dalali kwa miaka minne. La pili lilikuwa zuri, ila kadi ilikuwa benki, na mwenyewe akawa anajiuma-uma. La tatu rangi yake ilikuwa imepauka na bampa lina mkwaruzo. Mwenyewe ni muuguzi mstaafu. Alipoulizwa habari za matengenezo, aliingia ndani akatoka na daftari la shule, ameandika kwa mkono kila siku aliyobadilisha oili, kila pleti ya breki, na kilomita zake.

Mwalimu alivaa miwani, akalisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa kama anayesahihisha mtihani. Fundi alikuwa bado chini ya gari. Kisha akafunga daftari na kusema, "Huyu mama anajua kutunza. Tuzungumze bei."

Kama gari litadumu, hilo Mungu ndiye anayejua. Lakini jirani yangu hakununua rangi wala herufi. Alinunua gari pamoja na historia yake, na daftari lile amepewa aendelee kuandika.