Marekani, Amerika na Jina la Taaluma

Miongoni mwa istilahi zinazoleta mabishano kila zinapofika mezani kwa mfasiri, mojawapo ni jina la shahada iitwayo kwa Kiingereza American Studies. Aghalabu jina hilo huonekana katika vyeti vya wahitimu waliosoma ng'ambo, nasi tumeliona likifasiriwa "Mafunzo ya Kimarekani", "Elimu ya Amerika", na hata "Ustaarabu wa Amerika". Ofisa wa utumishi asomaye kwamba mwombaji wa kazi ana shahada ya Mafunzo ya Kimarekani aweza kudhani, wala hatumlaumu, kwamba mtu huyo alifunzwa kwa mtindo wa Kimarekani, pengine ualimu, pengine uaskari. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi taaluma hiyo ilivyozaliwa na ilivyobadilika, maana hapana awezaye kukipa kitu jina barabara pasipo kujua historia yake.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo vikuu vya Marekani viliifundisha fasihi ya Uingereza kwa heshima kubwa kuliko fasihi ya nchi yenyewe. Historia ilikaa katika idara yake, uchumi katika yake, na mwalimu wa idara moja hakuulizwa habari za jirani. Mwaka 1927 Vernon Louis Parrington alitoa juzuu mbili za kwanza za kitabu chake Main Currents in American Thought, akiwasoma wahubiri, wanasiasa, wanasheria na washairi kwa pamoja, kama watu walioshiriki katika ubishi mmoja mrefu. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1928. Katika miaka ya 1930 Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha shahada ya udaktari iliyounganisha historia na fasihi ya nchi hiyo, na Henry Nash Smith akawa wa kwanza kuipata, mwaka 1940. Jarida la American Quarterly lilianza mwaka 1949 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na chama cha wanataaluma hao kikaundwa mwaka 1951.

Shahada ya Harvard ilitumia jina ambalo wafasiri wetu huliandika "ustaarabu". Hapo pana mtego. Neno ustaarabu katika Kiswahili hupima. Asiye na ustaarabu ni mshenzi. Tusemapo "historia ya ustaarabu wa Marekani" tumekwisha kutoa hukumu kabla ya darasa kuanza. Utamaduni, ijapokuwa nalo lilitoka katika Kiarabu likiwa na harufu ya mji na maisha ya mjini, leo halimhukumu mtu: mkulima, mvuvi na mfungwa wote wana utamaduni. Kwa hiyo twashauri utamaduni, hata pale ambapo cheti cha zamani kinataja ustaarabu, isipokuwa kama mfasiri anataka makusudi kuonyesha fikira za wakati ule.

Fikira hizo zilikuwa za namna gani? Perry Miller, mwalimu wa Harvard aliyekuwa bingwa wa historia ya Wapuritani, anasimulia katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1956, Errand into the Wilderness, kwamba wito wa kuichunguza maana ya Marekani ulimjia akiwa kijana, miaka ya 1920, huko Matadi, bandari ya Mto Kongo, alipokuwa akisimamia upakuaji wa mapipa ya mafuta yaliyotoka kwao. Matadi ni nchi ya Kikongo, si ya Kiswahili, lakini msomaji wetu wa Bukavu au Lubumbashi ataelewa haraka kinachokosekana katika simulizi hiyo. Mapipa yamo, mto umo, na nyika ya Marekani imo. Wakongo na Wabelgiji waliowatawala hawakupata nafasi katika maana aliyoigundua. Ilipita miaka mingi kabla ya mtu kuligeuza jambo hilo kuwa swali: Amy Kaplan aliliandikia mwaka 1993, akionyesha kwamba taaluma yenyewe ilijengwa juu ya kutoitazama Marekani kama dola yenye mikono nje ya mipaka yake.

Vizazi vya kwanza vilipenda kutafuta visasili na ishara. Smith, katika Virgin Land cha mwaka 1950, alieleza jinsi nchi za magharibi zilivyowaziwa kuwa bustani inayongoja jembe. Leo Marx, mwaka 1964, akaeleza mashine iingiapo katika bustani hiyo. Ni vitabu vizuri, na mwalimu wa fasihi atafaidika navyo hata leo. Ila mwaka 1972 Bruce Kuklick aliuliza swali la mtu wa kawaida: kutoka katika vitabu vichache vya waandishi mashuhuri, twajuaje kwamba mamilioni ya watu waliwaza hivyo? Nasi twaongeza kwamba bustani ile ilikuwa na wenyewe, wenyeji wa asili, ambao hawakuwa wakimngoja mgeni aje awalimie.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani iliona faida ya taaluma hii. Sheria ya Fulbright ya mwaka 1946 iligharimia safari za wasomi, na maktaba za USIS, Dar es Salaam na Nairobi zikiwamo, zilikuja kuweka vitabu vyake rafuni. Hapo ndipo wengi katika Afrika Mashariki walipokutana nayo, wakadhani ni propaganda tupu. Haikuwa tupu. Mwaka 1968 wanafunzi wa San Francisco State waligoma, na mgomo ukadumu hadi Machi 1969. Matunda yake yalikuwa kitivo cha taaluma za makabila na mataifa madogo ya Marekani. Enzi hizohizo Kiswahili kilianza kufundishwa katika vyuo vingi vya huko kwa madai ya wanafunzi Weusi, na sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ikatumia maneno yetu, likiwamo kujichagulia. W. E. B. Du Bois alikuwa ameunganisha takwimu, historia na fasihi tangu The Philadelphia Negro cha mwaka 1899, miaka 28 kabla ya Parrington, lakini orodha za waasisi zilichelewa sana kumtaja.

Mwaka 1998 Janice Radway, akiwa rais wa chama hicho, aliwauliza wenzake iwapo walikuwa na haki ya kutumia jina la bara zima kwa maana ya nchi moja, akawapa majina mengine ya kufikiria. Jina halikubadilika. José Martí wa Kuba alikwisha kulisema jambo hilo mwaka 1891 katika makala yake Nuestra América.

Kiswahili hakina haja ya ugomvi huo, na sababu yake ni nguo. Mkataba uliotiwa sahihi Muscat mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na mjumbe Edmund Roberts uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1837 konsuli wao, Richard Waters, alianza kazi Unguja. Waliuza kitambaa cha pamba kisichopaushwa, wakanunua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pwani ikakiita amerikani, au marekani, na misafara ikakibeba bara mahali pa fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini, ikafumwa kaskazini. Pembe zilichongwa Connecticut ziwe vibonyezo vya piano. Vita vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, kitambaa cha kwingine kilishika nafasi, jina likabaki. Mwanauchumi peke yake hawezi kuieleza nguo hiyo, wala mwanahistoria, wala mwanaisimu.

Leo Marekani ni nchi, Amerika ni bara, ingawa wapo waandishi, hasa Kenya, watumiao Amerika kwa vyote viwili. Twapendekeza tofauti hiyo ilindwe, na shahada iitwe Taaluma za Marekani, kwa kufuata mfano wa Taaluma za Kiswahili, jina lililochukuliwa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009. Kiambishi ki- kiachwe, kwa kuwa Kimarekani ni namna ya kusema au kutenda, si kitu kinachochunguzwa.

Limebaki neno la kuelezea masomo yanayovuka mipaka ya idara. Wengi husema "ya taaluma mbalimbali", lakini vitu mbalimbali vyaweza kukaa rafu moja bila kujuana. Sisi tunaandika "mfungamano wa taaluma" mpaka litakapopatikana neno fupi zaidi, na walimu walio na pendekezo tunawaomba watuletee.