Mume wa Dada, Mke wa Kaka

Masumbwe ipo kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, Nyakanazi na hatimaye mpaka wa Rusumo. Malori yanayopakia mizigo ya Rwanda na Burundi katika bandari kavu ya Isaka hupita hapa usiku na mchana. Hadi mwaka 2012 tulikuwa wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga; kisha tukawa wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita, bila mtu yeyote kuhama nyumba. Mpaka ninaotaka kuueleza mimi ni mwingine, unaopita katikati ya familia yetu. Dada yangu ameolewa na Mrundi, na kaka yangu ameoa Mrundi. Mbele ya wazee ndoa hizi mbili ni sawa, maana ng'ombe walihesabiwa pande zote. Mbele ya sheria ya uraia haziko sawa, na kutokuwa sawa huko kuna historia yake.

Huku ni nchi ya Wasumbwa, na Wasumbwa walikuwa wasafiri. Karne ya 19 misafara yao ilikwenda mbali magharibi kutafuta shaba ya Katanga. Mmoja wao, Msiri, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba, alibaki huko moja kwa moja. Alioa wake wengi, wakiwamo mabinti wa watawala wa huko, akajenga dola yake Bunkeya, na aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake, Wayeke, wako Kongo hadi leo. Simtaji Msiri kwa kumsifu, kwa sababu alitawala pia kwa bunduki na kwa biashara ya watumwa. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi mgeni wa zama zile alivyopata makazi: aliingia katika ukoo kwa ndoa, naye akawa na wakwe, mashamba na watoto wa pale pale.

Wajerumani walipokuja, Masumbwe, Urundi na Ruanda zote ziliwekwa katika koloni moja la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza koloni likagawanywa: Tanganyika ikachukuliwa na Waingereza, Ruanda na Urundi zikachukuliwa na Wabelgiji. Watu waliendelea kuvuka kutafuta vibarua na ardhi, na waliendelea kuoana. Ila sasa bibi arusi aliyetoka ng'ambo alikuwa ametoka nchi nyingine.

Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya uraia ya Tanganyika iliweka kigezo cha kuzaliwa. Aliyezaliwa hapa, na walau mzazi wake mmoja akazaliwa hapa, alikuwa raia bila kuomba. Mwanamke aliyeolewa na raia aliweza kuomba kuandikishwa. Mwanamume aliyemwoa raia hakupewa njia kama hiyo. Nadhani waliotunga sheria hawakuona ajabu. Waliirithi kutoka kwa Waingereza, nayo ilifanana na walivyolelewa wengi wao: mwanamke humfuata mume, na mume hamfuati mke.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, nayo ilikuwa na moyo mpana. Iliitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya msikitini na ya serikali. Hata watu walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana kuwa ni mume na mke, sheria iliwadhania wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini mwaka 1995 Bunge lilipotunga upya sheria za uraia na uhamiaji, utaratibu wa zamani ulibaki. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia wakati wowote mume akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hupitia mlango wa wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema.

Shemeji yangu alifika Masumbwe akiwa kijana, akalima mpunga wa watu, kisha akawa fundi baiskeli. Hakuna aliyemuuliza karatasi. Alipooa, wazee walikaa, mahari ikapokelewa, na nzengo nzima ikala. Cheti cha ndoa hakikuandikwa kwa sababu hakuna aliyekuwa anakihitaji.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwapa wiki mbili waliokuwa wakiishi nchini bila kibali wawe wameondoka. Baada ya muda huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kweli kwa watu wengi: ujambazi wa kutumia silaha barabarani, wizi wa mifugo, mifugo kuingia hifadhini. Lakini waliovuka mpaka kwa maelfu hawakuwa majambazi tu. Walikuwamo waliokaa miaka 20 na zaidi, na wengine waliacha nyuma waume, wake na watoto Watanzania.

Shemeji hakusubiri kufuatwa. Aliondoka kabla ya siku ya mwisho, kwa lori, akiwa na begi moja na vifaa vyake vya kazi. Dada alibaki na watoto wanne. Watoto hao ni Watanzania, kwa sababu wamezaliwa hapa na mama yao ni raia. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja sheria ilimtambua mama, ikawatambua watoto, ikamtoa baba.

Wifi yangu alijificha kwa wiki kadhaa. Kaka ni mchimbaji mdogo, hushuka kwenye maduara ya dhahabu, na yale maneno "mume akiwa hai" yalimkosesha usingizi mkewe kuliko tishio la kufukuzwa. Duara likibomoka, anafiwa na mume na haki yake siku hiyo hiyo. Walisajili ndoa, wakatafuta barua ya mtendaji, wakajaza fomu. Baada ya safari nyingi alipata uraia, akaukana wa Burundi, kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Shemeji alirudi mwaka uliofuata, safari hii akiwa na pasipoti. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kwa hiyo kuvuka mpaka si tatizo lake. Tatizo ni kukaa. Anaishi kwa kibali cha muda, chenye tarehe ya mwisho na ada ya kulipa. Miaka yake ya kabla ya 2013 ndiyo mingi, lakini haina karatasi ya kuithibitisha, na huwezi kupeleka baiskeli ulizotengeneza kama ushahidi. Ameanza kuhesabu upya.

Kenya iliondoa tofauti hii. Katiba yake ya 2010 humruhusu mwenza wa raia, mume au mke, kuomba kuandikishwa kuwa raia baada ya miaka saba ya ndoa, na sheria ya 2011 humpa mwenza njia ya ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo jambo hili linawezekana bila nchi kupoteza mlango wake. Muda unaweza kuwekwa, ndoa za uongo zinaweza kuchunguzwa, majambazi wanaweza kukataliwa mmoja mmoja.

Dada hajasoma katiba ya nchi yoyote. Swali lake ni fupi, na kila anapoliuliza sina jibu la kumpa: kaka aliweza kumleta mkewe akawa wa hapa, na yeye ni mtoto wa baba yule yule, amezaliwa Masumbwe hii hii, uraia wake umepungua wapi?