Laktati dihidrojenasi

Laktati dihidrojenasi, ambayo maabara huiita kwa kifupi LDH, ni kimeng'enya kinachogeuza piruveti kuwa laktati, na laktati kuwa piruveti tena. Kimo karibu katika kila seli ya mwili wa binadamu. Kazi yake ni ileile kila mahali, ila muundo wake hutofautiana kati ya tishu na tishu. Maumbo ya namna hiyo huitwa isozaimu, jina lililotolewa mwaka 1959 na Clement Markert na Freddy Møller.

Molekuli moja ya LDH ina vipande vinne vya protini. Vipande hivyo ni vya aina mbili: H, ambavyo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 12, na M, ambavyo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11. Vikiungana vinnevinne hutoa maumbo matano, kuanzia LDH-1 yenye H tupu hadi LDH-5 yenye M tupu. Namba hizo hufuata mwendo wake kwenye jeli yenye umeme: LDH-1 ndiyo inayokimbilia ncha chanya kwa kasi kuliko zote.

LDH-1 na LDH-2 zimejaa moyoni na katika seli nyekundu za damu. LDH-5 imetawala kwenye ini na misuli ya mifupa. LDH-3 hupatikana kwa wingi mapafuni na kwenye wengu. Mbegu za kiume zina umbo lao la pekee, lenye kipande cha tatu kiitwacho C.

Vitabu vingi hueleza kwamba M hufaa penye uhaba wa oksijeni, na H penye oksijeni tele. Figo inaunga mkono maelezo hayo, kwani sehemu yake ya ndani, yenye oksijeni kidogo, ina M zaidi kuliko sehemu ya nje. Lakini kanuni hiyo haitoshi. Seli nyekundu hazina mitokondria, na huzalisha laktati usiku na mchana, ilhali zimejaa H. Ini nalo hupokea laktati kutoka misulini na kuitengeneza kuwa glukosi, ilhali limejaa M. Ushahidi ulio wazi zaidi hutoka kwa watu waliozaliwa na upungufu wa M: wakifanya kazi nzito misuli hukakamaa na kuuma, na mkojo huweza kugeuka rangi ya kahawia. Wenye upungufu wa H kwa kawaida hawaugui.

Seli ikiharibika, LDH humwagika kwenye damu. Katika seramu ya mtu mzima wa afya, LDH-2 huizidi LDH-1. Baada ya mshtuko wa moyo uwiano huo hupinduka, na kwa miaka mingi madaktari walitegemea dalili hiyo. Leo kipimo cha protini iitwayo troponini kimechukua nafasi yake, na ni haki, kwa sababu LDH-1 haitoki moyoni peke yake. Seli nyekundu zikipasuka, iwe kwa ugonjwa wa selimundu au kwa sampuli iliyovutwa vibaya na sindano nyembamba, nayo hupanda. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara akiona seramu imekuwa nyekundu huomba damu nyingine kabla ya kuandika jibu.

Kimelea cha malaria pia kina LDH yake, tofauti vya kutosha na ya binadamu hata kingamwili iweze kuitambua. Baadhi ya vipimo vya haraka vya malaria huitafuta hiyo kwenye tone la damu la kidole. Vipimo vingine hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. LDH ya kimelea hutoweka mapema zaidi vimelea vikishakufa, na hivyo humsaidia mganga kutofautisha malaria mpya na mabaki ya ile iliyokwisha kutibiwa.