Ndege za vita zilizogeuzwa: Reno na Kivu, mwaka 1964

Wiki hii tunaleta historia ya mashine. Wale wanaojifunza ufundi wa pikipiki wasome mpaka chini, maana kuna habari ya nati zilizoua watu.

Tuanzie Marekani. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, serikali ya kule ilibaki na maelfu ya ndege za kivita ambazo hazikuwa na kazi tena. Ndege za jeti zilikuwa zimeshaanza kuingia, hivyo zile za pistoni zikauzwa kwa bei ya chini sana. Mtu mwenye pesa kidogo aliweza kununua Mustang P-51, ndege iliyowahi kusindikiza mabomu mpaka Berlin, akaipeleka nyumbani kama sisi tunavyonunua pikipiki kuukuu. Halafu anaifanyia nini? Anaikata, anaifungia vitu vipya, anashindana nayo.

Mashindano makubwa yalikuwa Cleveland. Mwaka 1949 rubani Bill Odom alikuwa na Mustang iliyobadilishwa vibaya sana, tunasema vibaya kwa maana ya kupita kiasi: rejeta yake ilitolewa tumboni ikahamishiwa kwenye ncha za mabawa. Alipoteza usukani akaangukia nyumba ya watu. Alikufa yeye, akafa mama mmoja na mtoto wake mchanga. Baada ya hapo Cleveland ilinyamaza, na ndege hizo zikakaa miaka 15 bila mashindano ya maana.

Ndipo tunafika mwezi wa 9 mwaka 1964. Mfugaji mmoja wa Nevada, Bill Stead, aliwaita wenye ndege kwenye uwanja wa vumbi karibu na mji wa Reno. Marubani wanazunguka nguzo zilizosimikwa jangwani, chini kabisa karibu na ardhi, anayemaliza mizunguko kwanza ndiye mkubwa. Na mshindi wa jumla wa mwaka ule wa kwanza alikuwa nani? Mkimbizi.

Jina lake Mira Slovak. Alikuwa rubani wa shirika la ndege la Chekoslovakia. Mwaka 1953 aliiteka ndege yake mwenyewe, DC-3 yenye abiria, akairusha chini chini mpaka Frankfurt, Ujerumani Magharibi, akaomba hifadhi. Kulikuwa na abiria ambao hawakuwa kwenye mpango, waliamka siku hiyo wakijua wanakwenda safari ya kawaida. Hilo wanaomsifu hulipita haraka, sisi tunaliweka hapa. Kule Marekani alianza na kazi ya kupuliza dawa mashambani kwa ndege, akaendesha mashua za mashindano, na mwaka 1964 akapewa Bearcat, ndege ndogo ya jeshi la majini yenye moteri kubwa kuliko mwili wake. Akatangazwa bingwa.

Sasa rudini huku kwetu, miezi hiyohiyo.

Mwaka 1964 mashariki ya Kongo ilikuwa inawaka moto. Waasi wa Simba walikuwa wameshika Uvira, wakashika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na mwezi wa 8 waliingia Bukavu wakarudishwa. Serikali ya Léopoldville haikuwa na marubani wa kutosha, basi Wamarekani kupitia CIA wakaleta ndege na watu wa kuzirusha. Ndege za kwanza zilikuwa T-6, halafu T-28. Wazee wa Kivu wanasema tu avio, lakini kila moja ina historia yake.

T-6 na T-28 zilitoka kwenye kampuni ileile iliyotengeneza Mustang, yaani North American Aviation. Zote mbili zilikuwa ndege za shule! T-6 ndiyo iliyowafundisha marubani wengi wa vita vya pili: mwalimu anakaa nyuma, mwanafunzi mbele. Kongo zikafungwa bunduki za rashasha na roketi chini ya mabawa. Ziliendeshwa polepole ukilinganisha na jeti, na ndiyo sababu zilifaa kwa kazi ile: zinaona barabara, zinaona lori, zinaona watu wanaokimbia.

Ikaja ya tatu, B-26K, na hii ndiyo inayoingia hasa kwenye mada yetu. Ilikuwa ndege ya mabomu ya vita vya pili, iliyofumuliwa na kujengwa upya na kampuni ya On Mark, California. Mafundi wa On Mark walianza kwa kuzigeuza ndege hizo kuwa gari la matajiri la angani, na viti vizuri ndani. Jeshi lilipoona kazi yao likawaambia wazirudishe vitani. Wakatia nguvu mabawa, wakabadili mapangaboi, wakaweka moteri za R-2800 zenye nguvu za farasi 2,500 kila moja. Tatu za mwanzo zilikuja Kongo mwaka huohuo wa 1964.

Sasa angalieni: R-2800 ni jamii ileile ya moteri iliyokuwa kwenye Bearcat ya Slovak. Silinda 18 zimepangwa duara safu mbili, zinapozwa na upepo. Kule inazunguka nguzo watu wanapiga makofi, huku inapita juu ya Kivu.

Na waliokaa ndani? Marubani wengi wa CIA hapa walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao baada ya Fidel Castro kuchukua madaraka mwaka 1959. Wengine walikuwa wamepigana kule Ghuba ya Nguruwe mwaka 1961 wakashindwa. Nao wakimbizi. Mwaka 1965 Che Guevara alipokuja upande wa Fizi kuwasaidia waasi na Wakuba wenzake, hewani juu yake walikuwa Wakuba vilevile. Kwa hiyo mwaka ule kulikuwa na mkimbizi anayeshangiliwa Nevada, na mkimbizi anayefyatua roketi Kongo, na chini yake kulikuwa na watu wanaobeba godoro na sufuria kuelekea Burundi, Tanzania au Uganda, wakimbizi wapya wa siku hiyo. Hatuna haja ya kuongeza neno.

Turudi kwenye ufundi, maana tuliahidi.

Mustang ya kawaida ilikwenda karibu kilomita 700 kwa saa, na moteri yake ya Merlin, lita 27, silinda 12, ilitoa nguvu za farasi 1,500 hivi. Za mashindano zilifika zaidi ya 3,000 kwa moteri ileile. Zinapatikanaje? Kwanza, unalazimisha hewa nyingi zaidi kuingia kwenye silinda, mara mbili na zaidi ya kipimo cha jeshi. Hewa nyingi inaomba petroli nyingi, na vyote viwili vinaleta joto la kupasua. Basi unanyunyizia ndani mchanganyiko wa maji na spiriti, ili mafuta yasijiwakie kabla ya wakati wake. Fundi wa pikipiki anaijua sauti ile ya moteri kugonga ukiweka petroli mbaya; hapo inagonga mara moja tu, halafu unaona vipande. Mikono ya pistoni ya Merlin haikuhimili, kwa hiyo mafundi walichukua mikono ya moteri nyingine, Allison, iliyo minene zaidi, wakaipachika humo. Hiyo ndiyo akili ya garaji, si ya kiwandani. Mtu wa Birere, Goma, angeielewa bila mkalimani.

Pili, unapigana na upepo. Ncha za mabawa zinakatwa. Kioo cha rubani kinapunguzwa mpaka kinabaki kama kofia. Kila tundu la skrubu linazibwa na kusuguliwa. Bunduki, vyuma vya kujikinga na risasi, redio za jeshi, vyote nje. Vijana wa chukudu wanaoshindana kwenye mteremko wanafanya jambo hilohilo: toa uzito, laini gurudumu, inama.

Darryl Greenamyer alikuwa bingwa wa kazi hii. Bearcat yake aliiondolea karibu kila kitu, akaifungia pangaboi la ndege nyingine kubwa, Skyraider. Tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 1969 ilikwenda kilomita 777 kwa saa, ikavunja rekodi ya Wajerumani iliyokaa tangu 1939. Miaka 30! Leo ndege hiyo iko makumbusho ya Smithsonian. Lyle Shelton naye alichukua mabaki ya Bearcat iliyoanguka Indiana, akayafufua, akaweka moteri ya R-3350 iliyo kubwa kuliko ya asili. Aliiita Rare Bear, na mwaka 1989 ikafika kilomita 850. Sisi tunampenda Shelton kuliko wote kwa sababu alianza na chuma kilichotupwa. Mwaka 2017 Mustang iitwayo Voodoo ilipita hapo, kilomita 855.

Sasa zile nati.

Tarehe 16 mwezi wa 9 mwaka 2011, Reno, Mustang iitwayo Galloping Ghost ilikuwa inashindana. Ndege ya zamani kweli, iliwahi kushindana Cleveland miaka ya 1940. Rubani wake Jimmy Leeward alikuwa na miaka 74. Mabawa yalikuwa yamekatwa sana, rejeta ya tumboni imetolewa na kuwekwa mfumo wa kupoza kwa kuchemsha maji. Kwenye mkia kuna vibao vidogo viwili vinavyomsaidia rubani kushikilia ndege isiinue pua. Kimoja kilikuwa kimefungwa kisicheze, kazi yote akabakiziwa mwenzake. Hicho kilichobaki kilishikwa na skrubu na nati za kujifunga, zile zenye mpira au plastiki ndani. Nati za namna hiyo zikifunguliwa na kufungwa tena na tena, ule mpira unakwisha kushika. Wachunguzi wa serikali walikuta za zamani, zimelegea. Kibao kikaanza kutetemeka, kikakatika. Ndege ikanyanyuka ghafla kwa nguvu kiasi kwamba mwili wa rubani ulizidiwa mara 17 ya uzito wake. Hakuwa na fahamu tena. Ikaangukia mbele ya watazamaji. Walikufa watu 11, yeye akiwemo, na zaidi ya 60 waliumia. Wachunguzi walisema pia kwamba mabadiliko makubwa ya ndege ile hayakuandikwa na kujaribiwa kama inavyopasa.

Tunalisema hili kwa mafundi wenzetu: nati ya kujifunga iliyokwisha mpira usiirudishe kwenye gurudumu la mbele la pikipiki ya mtu kwa kuwa mpya iko mbali Gisenyi. Panda uifuate.

Mashindano yaliendelea Reno mpaka mwaka 2023. Wiki ileile ya mwisho, ndege mbili za T-6 zilizokuwa zimemaliza mbio ziligongana zikijiandaa kutua, marubani wote wawili wakafa. Naam, T-6, ndege ya shule, ileile iliyofungwa roketi huku. Kule zina mbio zao peke yao, na kanuni inakataza kuzibadilisha sana. Zote zinapaswa kufanana, ushindi uwe wa mkono wa rubani. Baadaye mashindano yakahamishiwa Roswell, New Mexico.

Wengine watauliza kwa nini hatukuandika habari ya Mudende yenyewe. Watoto wa 1964 walikuwa watu wazima walipofika kambi ya Mudende mwaka 1996 wakitokea Masisi na Rutshuru, na yaliyotokea mwezi wa 8 na mwezi wa 12 mwaka 1997, kabla waliobaki hawajapelekwa Gihembe, yana andiko lake. Hayafai kuwekwa pembeni ya hadithi ya mashindano. Tutayaandika peke yake, kwa majina ambayo familia zitaruhusu.

Kwa sasa tunaomba kitu kimoja. Kama nyumbani kwenu kuna muzee aliyekuwa Bukavu, Uvira, Fizi au Kisangani mwaka 1964 na 1965, keti naye. Muulize avio zile zilikuwa na pangaboi moja puani au mbili kwenye mabawa. Ya moja ni T-6 au T-28, ya mbili ni B-26K. Muulize ilikuwa saa ngapi, walijificha wapi, na nani alikuwa naye. Rekodi kwa simu, lugha yoyote, kisha tuletee.